Vakansi Kisangani: Siku Moja Kwenye Kisiwa cha Mbiye

Ndugu msomaji, wewe unayeishi kule ambako baba anashuka ndani ya shimo asubuhi na mama anauza mbele ya kambi, nina swali moja kwako. Watoto wako wamekwisha kuona makako mara ngapi? Usijibu mbio. Sisemi makako wa sokoni, aliyekaushwa kwa moshi, mikono imekunjwa kifuani. Nasema makako mzima, juu ya mti wake, anakula matunda yake na kukuangalia.

Mimi nilikuwa baba wa watu kabla ya kujiuliza swali hilo. Aliyenifanya niulize ni mtoto wa kaka yangu, msichana wa miaka 11. Kaka anachimba almasi katika karieri upande wa Bafwasende, kwenye barabara ya kuelekea Ituri. Vakansi kubwa ilipofika, alituma watoto wake 2, msichana na mdogo wake, waje kukaa nasi hapa Kisangani. Walifika na vumbi hata katika masikio, na msichana alikuwa na furushi la majani mkononi. Zawadi ya baba yake: makako mkavu. Mke wangu alifurahi sana, nami pia. Tulikula kwa lituma jioni ile ile.

Siku ya tatu msichana aliniuliza: "Baba mudogo, nyama za huku ziko wapi? Shuleni walituambia Kisangani iko na zoo." Nilimweleza kwamba ile zoo ya zamani kando ya mto Tshopo haiko tena kama wakati wa wazee wetu. Nilitaka kumpeleka kuona ndege kwenye uwanja na mashua bandarini, yaishe. Lakini mke wangu alisema: "Uwapeleke Mbiye. Hata sisi hatujafika." Ni kweli. Nimezaliwa Kisangani, na kisiwa hicho nilikuwa nakiona kwa macho tu kama mtu anavyoona mlima wa jirani.

MJI WENYE JINA LA KISIWA

Wazee hueleza kwamba jina la mji wetu linatoka katika neno kisanga, maana yake kisiwa. Kisangani, yaani kule kisiwani. Hata kituo cha kwanza cha Wazungu, kilichowekwa na Stanley mwezi wa Desemba 1883, kilikuwa kwenye kisiwa karibu na maporomoko. Kwa hiyo kwenda kisiwani kwetu ni kama kwenda kutembelea jina letu.

Tulipanda toleka 2, mimi na mvulana kwenye velo moja, msichana kwenye ingine, mpaka kwa Wagenia. Kama hujafika, nikueleze kidogo. Kati ya Ubundu na Kisangani mto Kongo una maporomoko 7, yanafuatana kwa kilometa kama 100. Juu yake hakuna mashua kubwa inayopita, ndiyo sababu watu wa zamani walijenga reli ya kwenda Ubundu. Poromoko la mwisho ni hili la Wagenia. Wavuvi, ambao wenyewe hujiita Enya, wamesimamisha miti minene katika mawe, katikati ya maji yanayonguruma, na kwenye miti ile wanafunga vikapu vikubwa vya mdomo mpana. Maji yanaleta samaki, nguvu ya maji inamzuia asitoke. Kijana anaingia humo kwa miguu mitupu kama mtu anayeshuka ngazi ya nyumba. Watoto wetu walisimama mdomo wazi.

Mbiye iko juu ya maporomoko hayo. Ni kisiwa kirefu, kilometa kama 14 kwa urefu, na kina hektari zinazokaribia 1.400. Watu wanakaa huko, wavuvi na walimaji, wana vijiji na mashamba ya mihogo na makemba kandokando. Lakini katikati kuna msitu wa kweli, na hilo ni jambo la ajabu, kwa sababu mji wenye watu zaidi ya milioni moja uko mlangoni pake. Wanafunzi na waalimu wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanaufanyia masomo kwa miaka mingi. Wamepima miti yake na kuonyesha kwamba kisiwa kimoja kina misitu ya namna tatu: ule wa inchi kavu, ule unaofunikwa na maji wakati mto unajaa, na ule wa matope unaokaa na maji siku zote.

Tulipatana bei na mzee mmoja mwenye mtumbwi, mtu wa pale pale. Alimtazama msichana, akamwambia: "Mama, kaa chini katikati, usicheze. Mto huu hautaki michezo." Akampa mvulana kopo la kutoa maji. Alifanya kazi ile kwa heshima kama karani wa serikali.

KIMYA KINALETA NYAMA

Nitasema ukweli: saa ya kwanza ilikuwa bure. Watoto walikuwa wanazungumza, mimi nilikuwa nakohoa, viatu vyangu vilikuwa vinapiga kelele katika matope. Mvulana aliuliza tembo wako wapi. Mzee alicheka. "Papa, tembo hata babu yako pengine hakumwona hapa." Kisha akatukalisha juu ya mti ulioanguka na kutuambia maneno ambayo nimeyashika: "Ninyi watu wa mji mnafika kama watu wanaodai deni. Nyama haidaiwi. Kaa, nyamaza, itakuja yenyewe kukuangalia wewe."

Tukakaa. Dakika 10, pengine 15. Kwanza ni masikio yaliyofunguka. Hondohondo walipita juu, na mabawa yao yanafanya kelele ya mtu anayepuliza moto kwa pumzi nzito. Kindi alishuka kwenye shina, kichwa chini, akatuona, akapanda tena na kutukana kutoka juu. Vipepeo walikuwa wamekaa juu ya matope, wengi sana, kama karatasi zilizotupwa. Mzee alituonyesha alama za miguu midogo pembeni ya maji, na tundu la motomba, yule panya mkubwa ambaye mama zetu wanamjua vizuri kwa mchuzi. Kasuku 2 walipita mbali wakipiga mluzi. Kila mtu wa Kisangani amesikia kasuku wa nyumba akisema "karibu" au kutukana kwa Lingala, lakini mdogo huyu alishangaa: "Kumbe wanaruka?" Alikuwa anajua wale wa kizimba tu, waliokatwa mabawa.

Hapo ndipo tulisikia sauti. Ni sauti fupi, kama mtu anayekohoa kidogo na kuita ndege kwa wakati mmoja. Mzee aliinua kidole. Majani yalitikisika juu sana. Tukaona mkia mrefu mwekundu, ukapotea. Kisha kati ya majani ukatoka uso mdogo mweusi, na juu ya pua doa jeupe, kama mtoto aliyechovya pua katika unga. Alituangalia. Nyuma yake alikuwako mwingine, na huyo wa pili alikuwa amebeba kitu tumboni. Mzee alinong'ona: "Mtoto."

Hakuna aliyesema neno. Wale makako walikaa pengine kwa muda wa mtu kusali Salamu Maria mara tano, kisha mmoja akaruka, na wote wakaenda.

Msichana alibaki ameinua kichwa. Nilimgusa bega. Aliniambia polepole: "Baba mudogo, mi sikujua iko na sauti. Ya kwetu yote inafikaka imenyamaza."

Siwezi kukuficha, ndugu msomaji: moyo wangu uliruka, kwa sababu nilikumbuka lile furushi la majani.

TULIMJUA KATIKA CHUNGU

Tukirudi kwenye mtumbwi, mzee alisimama na kuvuta kitu kutoka katika majani. Ni mtego, waya wa freni ya velo uliofungwa kwenye kijiti kilichopindwa. Aliufungua, akauweka mfukoni. "Si wangu," alisema, "na mwenyewe simjui. Lakini waya hauna macho. Unataka mboloko, unashika hata mbwa wako."

Nilimwuliza zamani ilikuwa namna gani. Alisema alipokuwa kijana, asubuhi makako walikuwa wanaamsha watu. Sasa mtu anaweza kuvuka juma nzima asiwasikie. Alihesabu sababu kwa vidole: mitego, makala, mbao za mitumbwi na nyumba, mashamba yanayosogea katikati. "Na mji unakula," aliongeza. "Mji unakula kila siku, haufungi kwaresima."

Hapo nilifikiri juu ya jambo moja la mkoa wetu wa Tshopo. Mwaka 2007 watafiti walifika Opala. Kwenye nyumba ya mkurugenzi mmoja wa shule waliona makako mdogo anayefugwa, mwenye uso mrefu na macho kama ya mtu anayefikiri. Waliuliza jina, watu wakasema lesula. Ilichukua miaka 5 ya kutafuta katika msitu wa mto Lomami na kupima damu na mifupa, na mwaka 2012 wataalamu walitangaza mbele ya dunia yote kwamba ni makako ambaye sayansi haikumjua. Dunia ilishangaa. Lakini wawindaji wa pale hawakushangaa hata kidogo, kwa sababu walikuwa wanamkula tangu zamani. Mwaka 2016 msitu huo ukawa Hifadhi ya Taifa ya Lomami. Basi, ona: mnyama ambaye wataalamu wa Ulaya na Amerika walimwandika katika vitabu kwa furaha, sisi tulimjua katika chungu. Kumjua mtu kwa sahani tu, si kumjua.

Wala si sisi peke yetu tunaokosea hivyo. Mwaka 1696 nahodha mmoja wa Uholanzi, Willem de Vlamingh, alifika kwenye kisiwa kimoja karibu na Australia. Aliona wanyama wadogo wanaorukaruka, akafikiri ni panya, na kisiwa kikaitwa kiota cha panya, Rottnest mpaka leo. Kumbe hawakuwa panya, ni ndugu wadogo wa kangaruu, wanaoitwa kwoka, na katika inchi kavu ya Australia wamebaki wachache. Leo watu wanapanda ndege na mashua kwenda kuwaona pale kisiwani, na ni marufuku kuwatesa. Uganda nayo ina kisiwa cha Ngamba katika ziwa Viktoria, kilometa 23 kutoka Entebbe. Tangu 1998 wanatunza huko sokwe walionyang'anywa kutoka kwa wafanya biashara na wawindaji. Maji yanayozunguka kisiwa ni ukuta wao.

Kwa Mbiye maji si ukuta. Ni barabara. Mtumbwi mmoja na panga moja vinatosha.

NA KAMBI JE?

Sasa tuje kwetu, watu wa machimbo. Sitaki kuhubiri kama mtu ambaye hajakula. Nimekula. Na najua namna kambi inavyoishi. Karieri inafunguka katikati ya msitu, watu mia mbili, mia tano, elfu moja wanafika kwa mwezi mmoja. Hakuna ng'ombe, hakuna friji, kuku ni ghali kuliko bia. Mfuko una franka leo, kesho hauna. Mwindaji anafika na kikapu mgongoni, na kila kitu kinanunuliwa. Ndivyo ilivyokuwa Kahuzi-Biega wakati wa mbio za koltani, kama mwaka 2000: wachimbaji walipojaa katika hifadhi, tembo na gorila waliliwa kwa wingi sana, na mpaka leo msitu ule haujapona.

Tena hesabu yenyewe ni rahisi, hata mtoto wa mwaka wa tatu anaiweza. Makako jike anazaa mtoto mmoja, tena si kila mwaka. Mboloko vilevile, mmoja kwa mmoja. Kambi inayokula makako 10 kwa juma haingojei. Lakini simbiliki, yule panya wa majani makubwa, anazaa mara 2 kwa mwaka, watoto 4 au zaidi kila mara. Sungura anazidi. Mwenyezi Mungu hakuweka wanyama wote kwa kazi moja: wengine wanaweza kujaza chungu kila siku, wengine hapana.

Usiku ule, tukiwa mbele ya nyumba, nilimwambia msichana kwamba nitamwandikia baba yake aache kununua makako. Alinyamaza. Kisha alisema jambo ambalo sikulijua: "Baba hanunuake ya kula tu. Anauzisha kambini. Almasi haipatikanake tena kama mbele. Ile nyama ndiyo inatulipiaka masomo."

Nilikosa jibu. Furushi lile la majani lilikuwa ni faida ya biashara iliyomlipia madaftari. Mtoto aliyeshangaa juu ya sauti ya makako ndiye aliyesoma kwa nyama ya makako. Alijua hilo, naye alikuwa amelijua tangu tukiwa kisiwani, mbele ya yule mama mwenye mtoto tumboni. Ndiyo sababu alinyamaza njia nzima, na mimi nilidhani amechoka.

Hata hivyo niliandika barua. Sikumhukumu kaka, maana ni mkubwa wangu, na mdogo hamfundishi mkubwa namna ya kulisha watoto. Nilimweleza tu tulichoona, na maneno ya binti yake. Jibu lake lilifika baada ya miezi 2 kwa dereva wa moto: "Mdogo wangu, umesema vizuri. Nipe basi kazi ingine." Maneno hayo peke yake. Yalinichoma, lakini ni haki. Anayesema "acha" anapaswa kusema pia "shika hiki".

Basi tulishauriana katika familia. Mke wangu alitoa franka za biashara yake ya bitoyo, mimi nilitoa za kwangu, tukamtumia za kuchimbia bwawa la samaki mbali na mashimo ya machimbo, na za kununulia sungura 1 dume na 3 jike kutoka kwa mama mmoja wa parokia yetu anayefuga. Sitakudanganya kwamba kaka ameacha kila kitu. Sungura 2 walikufa mwezi wa kwanza, na samaki bado wadogo. Nyama ya pori anauza bado. Lakini ameniandikia kwamba makako hanunui tena, na kwamba wenzake wanamcheka: eti binti yake amemfungia chungu.

UKIFIKA KISANGANI

Kama vakansi inakuleta huku, uwapeleke watoto Mbiye. Ondoka asubuhi mapema, jua lisijapanda, kwa sababu saa sita wanyama wanalala na wewe utaona mbu tu. Nenda wakati mvua ni chache. Patana bei mbele ya kupanda mtumbwi, na umpe mwenye mtumbwi haki yake bila kubishana hata kwa vijisenti: akipata chakula kwa kuonyesha msitu, hatakuwa na haraka ya kuukata. Ukifika kwenye kijiji, umsalimu mkubwa wa mahali kwanza. Vaa viatu vinavyofunga, kwa sababu ya siafu. Usinunue kasuku njiani hata wakikulilia bei: mwaka 2016, kule Johannesburg, mataifa yalipatana kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku wetu waliokamatwa porini, kwa sababu wanakwisha. Na juu ya yote, nyamaza.

Kama huwezi kufika Kisangani, usihuzunike. Kando ya kambi yako, hata ile iliyokatwa sana, kuna kijito na miti iliyobaki. Chukua mtoto wako siku ya posho asubuhi, mkae juu ya shina, msiseme. Adamu alipewa kazi ya kuwapa wanyama majina mbele ya wanadamu kupewa ruhusa ya kumkula hata mmoja, na huwezi kumpa jina kiumbe ambaye hujamtazama usoni.

Siku ya kurudi kwao, msichana aliniomba daftari. Nilifikiri ni kwa masomo. Alichora ndani yake uso mweusi wenye pua nyeupe, na chini akaandika kwa herufi kubwa jina la kisiwa na tarehe. Alisema atamwonyesha baba yake. Kwenye moto, alipokwisha kukaa nyuma ya dereva na mdogo wake katikati, mke wangu alimpa furushi la majani apeleke nyumbani, kama desturi inavyotaka: mgeni aliyekuja na kitu harudi mikono mitupu. Alilinusa. Lilikuwa samaki wa Wagenia. Alicheka, na moto ikaondoka.